Kiharusi cha mshipa kuziba: CT au MRI, dawa au waya, hospitali ya karibu au ya mbali?

Mjomba wangu alionekana mzima mara ya mwisho saa moja asubuhi, alipomaliza chai. Saa mbili kasorobo mkewe alimkuta kibarazani ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia, anataka kusema na neno halitoki. Nyumba ikajaa watu. Mzee mmoja akasema huu ni upepo, aitwe wa kumsomea. Jirani akaja na kidonge cha presha, akitaka kiwekwe chini ya ulimi. Binamu yangu akatafuta gari la kwenda hospitali kubwa mjini. Mdogo wake akasema twende ile ya karibu. Tulibishana karibu saa nzima. Sote tunampenda, na kila mmoja alikuwa anachagua kwa hofu yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma tafiti za kiharusi na kuwauliza madaktari kila nilipopata nafasi. Ninaandika kwa ajili ya familia nyingine itakayosimama kibarazani namna ile. Nitaziweka njia mbili mbili, nieleze tafiti zilipata nini, na niseme ningechagua ipi. Dawa huamuliwa na daktari, hilo halina mjadala. Lakini mambo mengi huamuliwa na ndugu kabla mgonjwa hajamfikia daktari huyo.

Kuziba au kupasuka

Kiharusi ni cha namna mbili. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unaweza kuzibwa na donge la damu, au unaweza kupasuka na damu ikavuja ndani. Duniani vile vya kuziba ndivyo vingi zaidi, kiasi cha viwili katika kila vitatu. Huku kwetu Afrika vile vya kuvuja vina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na sababu kuu ni presha isiyotibiwa.

Dalili zao ni zile zile: uso kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kupotea. Hakuna mganga wala profesa anayeweza kuvitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Na dawa inayomwokoa wa kwanza, ile ya kuyeyusha donge, inaweza kumuua wa pili. Ndiyo maana hata aspirini, ambayo karibu kila nyumba inayo, isitolewe nyumbani kabla ya picha ya ubongo.

Kuhusu upepo na kisomo, nasema kwa heshima zote: dua isomwe garini. Daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alikadiria mwaka 2006 kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa kisipotibiwa, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Ile saa moja tuliyobishana tulimpunguzia mjomba kitu ambacho hakirudi.

CT au MRI

CT ni picha ya ubongo inayopigwa kwa miale ya eksirei, MRI ni ile inayopigwa kwa sumaku. Hapa watu wengi hudhani jibu ni rahisi: MRI ni mpya, ni ghali, basi ndiyo bora. Kwa kuliona donge na eneo lililokosa damu, ni kweli. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa wagonjwa 356 walioletwa kwa kushukiwa kiharusi, kila mmoja akapigwa picha zote mbili. MRI iliona kiharusi kipya cha kuziba kwa wagonjwa 164. CT ya kawaida iliona kwa 35 tu.

Ukiishia hapo utaondoka na jibu lisilo sahihi. Swali la kwanza la daktari wa dharura ni kama kuna damu iliyovuja, na hilo CT hulijibu vizuri na upesi. Ikiwa hakuna damu na dalili ni za kiharusi, daktari anaweza kuanza matibabu ya kuyeyusha donge hata kama picha inaonekana safi. Picha safi ya CT katika saa za mwanzo haina maana kwamba mgonjwa hana kitu. Nimeona familia ikifurahi kwa kuambiwa "CT haina tatizo" na kumrudisha mgonjwa nyumbani, mkono ukiwa bado haunyanyuki. Lilikuwa kosa kubwa.

| | CT | MRI |
|---|---|---|
| Muda wa kupiga | Dakika chache | Mrefu zaidi, na mgonjwa alale tuli |
| Damu iliyovuja | Huonekana mara moja | Huonekana pia, kwa mpangilio maalumu wa mashine |
| Mshipa ulioziba, saa za mwanzo | Mara nyingi ubongo huonekana wa kawaida | Eneo lililokosa damu huonekana mapema sana |
| Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini | Kwa kawaida haina shida | Lazima ichunguzwe kwanza |
| Upatikanaji | Hospitali nyingi zaidi, bei nafuu kuliko MRI | Hospitali chache, mara nyingi kwa miadi |

Ningechagua CT inayofanya kazi sasa hivi kuliko MRI ya kesho asubuhi. Hali moja inabadilisha hesabu, nayo ni mgonjwa aliyelala mzima akaamka amepooza. Huyo hajulikani kiharusi kilimpata saa ngapi, na zamani alikuwa akinyimwa dawa ya kuyeyusha kwa sababu hiyo. Utafiti wa Ulaya uitwao WAKE-UP, wa mwaka 2018, ulitumia MRI kama saa: eneo likionekana kwenye aina moja ya picha na bado halijaonekana kwenye nyingine, kiharusi ni kichanga. Wagonjwa 503 waliingizwa. Waliopewa dawa, asilimia 53.3 walipona vizuri. Ambao hawakupewa, asilimia 41.8. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, MRI ikiwa karibu, iombeni.

Alteplasi au tenekteplasi

Dawa za kuyeyusha donge zinazotumika sana ni hizi mbili. Alteplasi ndiyo kongwe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995, wa wagonjwa 624, ndio uliofungua njia: waliopewa ndani ya saa 3, asilimia 39 walibaki bila ulemavu au na mdogo sana baada ya miezi mitatu, dhidi ya asilimia 26 kwa waliopewa dawa bandia. Gharama yake ni damu kuvuja ubongoni, asilimia 6.4 dhidi ya 0.6. Nimeandika namba zote mbili kwa makusudi. Daktari akikueleza hatari hiyo anakupa haki yako. Usiisikie kama kukatazwa. Mwaka 2008 utafiti wa ECASS III ukasogeza mpaka hadi saa 4 na nusu, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza alteplasi kwenye orodha ya dawa muhimu kwa kiharusi.

Faida yake hupungua kadiri saa zinavyokwenda. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha majaribio 9 yenye wagonjwa 6,756. Waliotibiwa ndani ya saa 3, katika kila 100 walipona vizuri watu kama 10 zaidi ya wasiotibiwa. Kati ya saa 3 na saa 4 na nusu, walikuwa kama 5. Faida ilipungua kwa nusu wakati watu wako njiani, wako foleni ya malipo, wanatafuta mwenye funguo za chumba cha picha.

Tenekteplasi ni ndugu yake mdogo. Tofauti inayomgusa muuguzi ni ya namna ya kuidunga. Alteplasi hupimwa kwa miligramu 0.9 kwa kila kilo ya mwili, sehemu ya kumi huingia mara moja na iliyobaki hutiririshwa kwa saa nzima kwa pampu. Tenekteplasi, miligramu 0.25 kwa kila kilo, isizidi 25, huingia kwa sindano moja na kazi imekwisha. Mgonjwa anaweza kupakiwa kwenye gari la wagonjwa bila mashine ya kusimamiwa njia nzima. Kwa wilaya zetu, ambako rufaa ni kilomita mia na pampu ni ya kuazimana, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika Ulaya.

Je, matokeo yanalingana? Kanada walilinganisha mwaka 2022, wagonjwa karibu 1,600 katika hospitali 22. Waliopona vizuri ni asilimia 36.9 kwa tenekteplasi na 34.8 kwa alteplasi, na damu kuvuja ubongoni ilikuwa karibu sawa, 3.4 na 3.2. Marekani waliiidhinisha tenekteplasi kwa kiharusi mwaka 2025. Onyo moja: kipimo ni hicho cha 0.25. Huko Norway walijaribu 0.4 kwa wagonjwa wenye kiharusi cha wastani au kizito, na utafiti ukasimamishwa kwa sababu waliopewa tenekteplasi waliumia zaidi.

Kama hospitali ina zote mbili, mimi ningependa tenekteplasi. Kama ina alteplasi peke yake, msihame kwenda kutafuta nyingine. Tofauti yao haifiki hata nusu ya tofauti ya kupewa mapema na kuchelewa.

Dawa au waya

Kuna donge ambalo mara nyingi dawa hailiwezi: lile refu linaloziba mshipa mkubwa wa ubongo. Kwa hilo madaktari hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa paja au wa mkono, wakapanda hadi ubongoni, wakalinasa donge kwa wavu mdogo wa waya au wakalifyonza.

Kwa miaka mingi kazi hii ilibishaniwa. Mwaka 2015 ubishi ulikwisha. Uholanzi walichapisha utafiti wa MR CLEAN, hospitali 16, wagonjwa 500: waliotolewa donge, asilimia 32.6 walirudi kujitegemea. Waliopata matibabu ya kawaida peke yake, 19.1. Tafiti nyingine nne zikatoka mwaka huo huo zikisema vivyo hivyo. Zilipojumlishwa, ilionekana kwamba kati ya kila wagonjwa watatu hivi wanaotolewa donge, mmoja hubaki na ulemavu mdogo kuliko ambao angekuwa nao. Katika tiba, namba hiyo ni ya kushangaza. Mwaka 2018 utafiti wa DAWN ukafika hadi saa 24 kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu zinazoonyesha kuwa bado kuna ubongo wa kuokoa: 49 katika kila 100 walijitegemea, dhidi ya 13.

Mtu atasema hayo ni ya Ulaya na Marekani. Brazili waliuliza swali hilo hilo, wakajaribu katika hospitali za umma, kwa wagonjwa 221, na mwaka 2020 wakatoa jibu: waliotolewa donge, asilimia 35 walijitegemea, dhidi ya 20 kwa wengine. Kwangu mimi huo ndio utafiti ambao wizara zetu zinapaswa kuusoma kwanza, kwa sababu unaonyesha kazi hii inawezekana penye bajeti ya umma na foleni ya umma.

Kumbukeni kwamba dawa na waya si wapinzani. Mgonjwa aliye ndani ya saa 4 na nusu hupewa dawa kwanza, kisha waya ukihitajika na ukipatikana. Anayesubiri waya bila dawa, wakati hana kizuizi cha kupewa dawa, anaweza kupoteza vyote viwili.

Hospitali ya karibu au kubwa ya mbali

Hili ndilo tulilobishania sana kibarazani, na kumbe lilikwisha kupimwa. Catalonia, huko Hispania, kati ya 2017 na 2020, watu 1,401 walioshukiwa kuwa na kiharusi kizito waliwekwa kwenye makundi mawili kwa kura: moja lipelekwe hospitali ya karibu, la pili lipitilize hadi hospitali ya mbali yenye waya. Baada ya siku 90 ulemavu ulikuwa sawa. Na wale ambao baadaye waligundulika damu imevuja, waliopitilizwa mbali waliumia zaidi.

Lakini tusome vizuri neno "karibu". Hospitali ya karibu ya Catalonia ilikuwa na CT, na dawa ya kuyeyusha, na njia ya kumpeleka mgonjwa mbele. Sisi tulikwenda ile ya jirani, CT yake ilikuwa imeharibika wiki nzima na hakuna aliyetuambia hadi tuliposhuka garini. Tukapoteza saa nyingine mbili. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: nenda hospitali ya karibu yenye CT inayofanya kazi leo, na piga simu kabla ya kuwasha gari. Zahanati isiyo na picha haiwezi kufanya uamuzi wowote wa kiharusi, hata iwe na wahudumu wema kiasi gani.

Mkifika, mtaulizwa swali moja kabla ya yote: alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Si saa mliyomkuta. Sisi tulitoa majibu matatu, mmoja alfajiri, mmoja saa moja, mmoja saa mbili kasorobo, na daktari hawezi kutoa dawa kwa majibu matatu. Picha ya mjomba ilipigwa saa saba mchana. Saa sita zilikuwa zimepita, na mlango wa dawa ulikuwa umefungwa.

Kushusha presha haraka au kuiacha

Kile kidonge cha jirani. Presha hupanda kiharusi kikishika, na ndugu wakiona namba kubwa wanaogopa. Lakini penye mshipa ulioziba, presha ile ndiyo inayosukuma damu kidogo kupitia vijia vya pembeni. Ukiishusha ghafla, unaikausha sehemu ambayo ingeweza kupona. Miongozo mingi inasema kwamba kwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha, isiguswe siku ya kwanza isipovuka 220/120. Anayepewa dawa lazima ishushwe chini ya 185/110, na ishushwe taratibu na wataalamu. Nyumbani, kidonge kikae mfukoni.

Aspirini peke yake, au na klopidogreli

Kama mgonjwa hakupata dawa ya kuyeyusha wala waya, na CT imeonyesha hakuna damu, aspirini ndani ya saa 48 ina faida ndogo lakini ya kweli. Mwaka 1997 tafiti mbili kubwa, ya kimataifa na ya China, zilizojumlisha watu zaidi ya 40,000, zilithibitisha hivyo. Vidonge vya bei ya chai.

Kwa kiharusi chepesi, au kile kinachokuja na kupotea ndani ya saa chache, kuongeza klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ni bora kuliko aspirini peke yake, kwa muda mfupi. China mwaka 2013, wagonjwa 5,170: waliopewa aspirini na klopidogreli kwa siku 21, kisha klopidogreli peke yake, waliopata kiharusi kingine ndani ya siku 90 ni asilimia 8.2, dhidi ya 11.7 kwa waliopewa aspirini peke yake. Marekani na nchi nyingine walipoendelea na dawa zote mbili kwa siku 90, faida ilikuwepo, lakini kutoka damu kubwa kuliongezeka, asilimia 0.9 dhidi ya 0.4. Basi zikiandikwa zote mbili, muulize daktari zinakoma lini. Nimekutana na mtu aliyezimeza miaka minne kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Warfarini au dawa mpya

Donge likitoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio, aspirini haitoshi. Hutakiwa dawa kali zaidi ya kuzuia damu kuganda. Warfarini, ile ya zamani, ni rahisi kwa bei lakini hutaka kipimo cha damu mara kwa mara, na hugombana na mboga za majani na dawa nyingine. Dawa mpya kama apiksabani hazitaki kipimo hicho na huvujisha damu ubongoni kwa uchache zaidi. Kwa wengi, mwenye uwezo achukue mpya.

Isipokuwa kwa aina moja ya mgonjwa, ambao tunao wengi hapa: mwenye valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa watu 4,531, ulilinganisha rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya, na dawa za jamii ya warfarini. Waliokufa ni 552 kwa rivaroksabani na 442 kwa warfarini. Dawa ya zamani ilishinda. Ningependa kila kliniki ya moyo Afrika Mashariki iwe na namba hizo ukutani.

Wodi yenye mashine au wodi yenye uangalizi

Utafiti ninaoupenda kuliko yote hauna mashine. Australia, New South Wales, wodi 19 za kiharusi, mwaka 2011. Wauguzi walifundishwa mambo matatu: kushusha homa, kudhibiti sukari, na kupima kama mgonjwa anaweza kumeza kabla ya kumpa chochote. Katika wodi zilizofundishwa, waliokufa au kubaki tegemezi baada ya siku 90 ni asilimia 42. Katika nyingine, 58. Tofauti ya 16 katika kila 100, kubwa kuliko ile ya dawa ya kuyeyusha.

Kwa hiyo mkichagua wodi, acheni kuangalia marumaru. Ulizeni: nani anapima kumeza? Na ninyi wenyewe msimpe uji, maji wala juisi hadi apimwe. Mapenzi ya kumlisha mgonjwa ndiyo yanayoingiza chakula kwenye mapafu.

Mjomba alipata aspirini, alipata wauguzi waliojua kazi yao, na sasa anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia bado mzito. Presha yake ilikuwa inajulikana miaka sita kabla, na vidonge alikuwa anavimeza akijisikia vibaya tu. Hivi sasa vidonge vyake viko kwenye kikopo kando ya birika la chai, na juu yake mkewe amebandika karatasi yenye namba mbili za simu: ya hospitali yenye CT ya usiku na mchana, na ya mwenye gari anayelala mtaa ule ule.